Nani Yuko Darasani Jumanne Saa Nane?

Shule za sekondari za hapa Garissa hujitambulisha langoni. Ukutani utasoma ruwaza, kaulimbiu na, kwa rangi nyekundu, wastani ambao shule inaulenga katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa mwaka huo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika mojawapo ya shule hizo. Kila Januari fundi huja na kopo lake la rangi, akafuta tarakimu ya zamani na kuandika mpya. Matokeo hupanda na kushuka, lakini tarakimu ya ukutani hupanda tu.

Binti wa kaka yangu anasoma Minneapolis. Siku moja alinipigia simu akiwa na kazi ya shule mkononi: "Eedo (yaani shangazi), nyinyi huko mnawaandaaje watu kwenda chuo kikuu?" Nilimwambia aanze yeye, maana nilihitaji muda wa kufikiri.

Shule yake ni ya aina inayoitwa chata. Minnesota ndilo jimbo la kwanza la Marekani kuzitungia sheria shule hizo, mwaka 1991, na ya kwanza ilifunguliwa mwaka uliofuata mjini St. Paul. Fedha zinatoka serikalini na mzazi halipi karo, ila shule inajiendesha kwa bodi yake na kwa mkataba. Isipotimiza ilichoahidi, mkataba unaweza kuvunjwa na milango ikafungwa. Baadhi zimejaa watoto wa Kisomali. Ubah Medical Academy, katika kitongoji cha Hopkins, ni mfano wa chata ambayo kazi yake hasa ni kuwaandaa watoto hao kwa chuo. Binti yetu aliniambia kwamba shuleni kwao kuna mshauri ambaye kazi yake ni hiyo tu: anakaa na kila mwanafunzi na rekodi yake, anamwonyesha masomo aliyobakisha na vyuo vinavyomfaa. Tena yeye mwenyewe, akiwa darasa la 11, tayari anasoma kozi moja ya chuo. Jimbo ndilo linalolipa, kwa mpango uliopo tangu 1985. Asipowasilisha kazi ya ziada, mama yake hupigiwa simu siku hiyo hiyo. Hilo la simu alilitaja kwa uchungu.

Kisha ikawa zamu yangu.

Kwetu, nilimwambia, kila kitu kinaelekea C+. Hiyo ndiyo gredi ya chini ya kuingilia kozi ya shahada. Masomo saba ndiyo yanayohesabiwa; A moja ina pointi 12, kwa hiyo upeo ni 84, na C+ huanzia 46. Zamani hesabu hiyo ililazimisha Hisabati, Kiingereza, Kiswahili na sayansi mbili. Kuanzia watahiniwa wa 2023, kinacholazimishwa ni Hisabati na lugha moja, halafu yanaongezwa masomo matano ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Kwa mtoto aliyelelewa kwa Kisomali, akakutana na Kiingereza na Kiswahili shuleni, huo ni mzigo ulioshushwa mgongoni. Mimi mwenye somo langu sikufurahi sana. Vijana werevu walipiga hesabu haraka wakaona kwamba Elimu ya Dini ya Kiislamu inaweza kuwaletea pointi ambazo ngeli zangu haziwaletei, na sasa nikiingia darasani kuna anayenitazama kwa heshima zote huku akichapua hesabu za kemia chini ya dawati. Halafu siku ya insha ananiandikia "besa" badala ya pesa, kwa sababu sauti ya "p" haimo katika lugha ya mama yake, naye anakatwa alama ya hijai.

Siku ya mwanafunzi wa bweni huanza kabla ya adhana. Kengele hulia saa kumi na nusu alfajiri, kisha swala, kisha masomo ya mapema hadi jua linapochomoza. Chai ni nyepesi. Vipindi huanza saa mbili kamili na kwenda hadi saa kumi, na baada ya Isha kuna kipindi cha kujisomea mpaka saa nne usiku. Ramadhani ratiba hiyo hupinduliwa kwa ajili ya tarawehe na daku. Kwa saa peke yake, watoto wetu wanafanya kazi zaidi kuliko binti yetu wa Minneapolis, na nilimwambia hivyo bila haya.

Lakini ukitaka kuijua shule ya huku, usihesabu saa. Njoo Jumanne saa nane mchana, mabati yakitoa moto, chakula kimeshuka tumboni, na ratiba inasema ni fizikia ya kidato cha tatu, vipindi viwili mfululizo. Angalia kama kuna mtu mbele ya ubao.

Mara nyingi hayupo, na sababu si uvivu wa mtu. Tarehe 22 Novemba 2014, Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi na kuwaua abiria 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Aprili 2 mwaka uliofuata wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, katika kaunti yetu hii. Baada ya hapo Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Wapo wenyeji wanaosema walimu hao walitukimbia. Mimi nilifundishwa na mwalimu wa Ukambani tangu darasa la nne mpaka nilipojua shairi ni nini, na sikubali mtu aseme hivyo mbele yangu. Nani angebaki?

Mwenzangu wa fizikia aliondoka wakati huo. Aliacha daftari zake za maandalio juu ya meza ya kidato cha nne, zimefungwa kwa kamba. Wanafunzi walizigawa wenyewe, mada kwa mada, kila mmoja akapewa yake ya kwenda kusoma na kurudi kuifundisha. Niliwaona usiku, watano watano chini ya taa, mmoja amepiga magoti anachora saketi sakafuni kwa chaki, wengine wanambishia. Walipotoka na makosa, walitoka nayo wote pamoja, maana hapakuwa na wa kuwasahihisha. Hata hivyo sijaona maandalizi ya chuo kikuu yaliyo bora kuliko yale, na hakuna aliyeyapanga.

Wana jambo lingine ambalo wageni hawalioni. Wengi wamepita dugsi, yaani madrasa, wakahifadhi Kurani kwa loho na wino, wakakosolewa herufi moja moja na maalimu asiyechoka. Wana subira ya kukaa na maandishi ambayo mimi siwezi kuwafundisha. Upande wa pili, wapo wanaohifadhi majibu ya hisabati kama yalivyo, na swali likibadilishwa namba wanaduwaa.

Pengo la mwalimu huzibwa na bodi ya shule. Serikali huahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na pesa hizo huja kwa mafungu, aghalabu zikiwa zimechelewa. Kwa hiyo bodi huajiri kijana aliyemaliza chuo na asiyepata ajira ya TSC, ikamlipa kwa michango ya wazazi. Mzazi wa huku benki yake ni mifugo. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Ng'ombe walikufa, mbuzi wakafuata, na mwalimu wa bodi akakaa miezi bila mshahara, mwishowe akapanda basi la Nairobi. Ndiyo maana nasema mvua isiponyesha malishoni Balambala, fizikia hukosa mwalimu mjini.

Binti yetu alinikatiza hapo: "Na mshauri wenu ni nani, Eedo?" Nilicheka. Mshauri ni naibu wa mwalimu mkuu, mwenye zamu, nidhamu, jikoni na funguo za stoo. Anayeathirika ni mtoto aliyefaulu. Kuchagua kozi kupitia KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, kunahitaji kujua kwamba kila kozi ina masomo yake manne yanayopimwa kivyake, upeo pointi 48, na kwamba B yako ya jumla inaweza isikufungulie mlango ikiwa Kemia yako ni ya D. Nimewaona wenye gredi nzuri wakiandika udaktari mara zote, kwa kuwa mjomba alisema udaktari, wakabaki nje ya kozi za uuguzi na maabara ambazo wangezimudu.

Kisha huja mkopo wa serikali kwa wanafunzi, HELB, ambao una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Riba ni riba, watakwambia wazee, hata iwe ndogo. Familia hurudi kwenye mchango wa ukoo na basari ya kaunti, na wasichana ndio wanaongoja zaidi. Msichana anayengoja nyumbani mwaka mzima huanza kuposwa.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na sasa kuna mikondo mitatu: ya sayansi na uhandisi, ya sayansi ya jamii, na ya sanaa na michezo. Wazazi huniuliza upi una kazi. Nawaomba kwanza waulize shule ina walimu wangapi wa fizikia, na kama bomba la maabara linatoa maji. Mkondo unaweza kuwepo kwenye karatasi tu.

Kwetu tumeanza jambo dogo. Waliopita hapa na sasa wako Chuo Kikuu cha Garissa, kilichofunguliwa tena Januari 2016 na kuwa chuo kikuu kamili 2017, huja Jumamosi asubuhi. Mmoja anashika fizikia ya kidato cha tatu, mwingine anakaa na watahiniwa na orodha za kozi, anawauliza Kemia umepata ngapi, sasa kwa nini udaktari? Wazazi wanachangia nauli na chakula cha mchana. Wa fizikia na biolojia tunao. Wa hisabati bado tunamtafuta.