Betri Nne za Tochi Zatosha



Juma hili tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo: vifaa vya umeme ambavyo watoto wetu hutengeneza kwa ajili ya siku ya maonyesho ya sayansi shuleni.

Nilialikwa katika shule moja ya sekondari wilayani Muleba. Kijana mmoja alikuwa ametengeneza roboti ya maboksi, macho yake taa mbili, mikono inazunguka. Wazazi tulipiga makofi. Kisha nikatazama ukutani. Waya haukuwa na plagi. Ncha mbili zilizomenywa zilikuwa zimechomekwa kwenye soketi na kukazwa kwa njiti za kiberiti. Mvua ilikuwa imenyesha, na sakafu ilikuwa imelowa kwa viatu vyetu. Nikamnong'oneza mwalimu, naye akazima swichi. Makofi yakakoma. Kijana akaniangalia kana kwamba nimemwibia zawadi yake.

Sina ugomvi na kijana yule. Ugomvi wangu ni na sisi watu wazima, tunaotoa zawadi kwa kinachong'aa na kinachopiga kelele.

Hebu tupige hesabu. Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230. Mwili wa mtu mwenye mikono iliyolowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Ukigawanya, unapata miliampia 230 za kupita mwilini. Na miliampia 30 tu zikipita kifuani kwa muda wa kutosha zaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sasa chukua betri 4 za tochi, kila moja volti 1.5. Jumla ni volti 6. Gawanya vilevile: miliampia 6. Mtoto huenda akasisimkwa kidogo, lakini atarudi nyumbani.

Hata hivyo, betri nazo si zote sawa. Ya gari ni volti 12 tu na kwa kawaida haimpigi mtu shoti, lakini bisibisi ikiunganisha vichwa vyake viwili itawaka moto mkali na kumchoma kiganja aliyeishika. Tena ndani mna asidi. Betri ya simu ikitobolewa yaweza kulipuka moto. Na televisheni kuukuu, hata ukiichomoa ukutani, huweza kubaki na umeme ndani yake. Mtoto asiifungue.

Siku chache baadaye, mjini Bukoba, binti wa kidato cha pili alinikaribisha mezani kwake. "Shikamoo, babu." Alikuwa na ndoo ya maji, nyaya mbili, transista moja, king'ora kidogo na betri 4 za tochi. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na kwao wanakinga maji ya mvua kwenye tangi. Usiku tangi likijaa, maji humwagika na kuchimba msingi wa nyumba. Maji yakifika juu, yanagusa ncha za nyaya. Mkondo mdogo unapita ndani ya maji hadi kwenye transista, transista inafungulia mkondo mkubwa zaidi, na king'ora kinalia.

Nikamuuliza, "Rezista hii ni ya nini, mjukuu wangu?"

"Isipokuwepo, babu, siku ncha zikigusana transista itaungua."

Nikachomoa waya mmoja makusudi. Akaurudisha mahali pake bila kutazama daftari.

Hakupata zawadi. Waamuzi walisema kifaa chake ni kidogo.

Wazazi na walimu, kabla mtoto hajanunua hata waya, muulizeni maswali matatu. Umeme utatoka wapi? Nyaya zikigusana, kitaungua nini? Na mgeni akichomoa waya, utaweza kumweleza ulikuwa na kazi gani? Kama jibu la kwanza ni ukutani, atafute kazi nyingine. Kama la tatu ni kimya, basi kifaa hicho si chake, ni cha fundi wa mtaani.

Wala simnyimi yule kijana wa Muleba roboti yake. Mota ndogo ya redio ya kaseti iliyokufa, pamoja na betri zile zile 4, zingeizungusha mikono ile, nasi tungepiga makofi mpaka mwisho.

Kwaherini, hadi juma lijalo.