Mistari Ilale Upande Mmoja
Pita kando ya foleni ya malori pale Tunduma asubuhi, jua likiwa bado chini, utazame matangi ya mafuta ya aluminiamu. Lililosuguliwa vizuri lina mng'ao mtulivu. Lililopitiwa na grenda limejaa miduara, na kila mduara unamulika kivyake.

Jicho halihesabu mistari. Linaona namna inavyorudisha mwanga. Mistari midogo ikilala sambamba, bamba zima huonekana la rangi moja. Mmoja ukikatiza, huo ndio utakaoonekana. Ukikata vipande viwili kwenye bamba moja na kukigeuza kimoja robo duara, mlangoni vitaonekana kama vimenunuliwa maduka mawili. Chora mshale nyuma ya kila kipande kabla ya kukata.

Kabla ya kusugua, osha mafuta yaliyo juu ya bamba. Anza na msasa namba 120, uje 180, umalizie 240 ukitaka ulaini, na usihame namba mpaka mikwaruzo ya iliyotangulia imefutika. Viringisha msasa kwenye kibao kilichonyooka, maana vidole vitupu huchimba mifereji. Mkono uende ncha hadi ncha bila kusita, kwani ukisimama katikati, alama inabaki hapohapo. Mimi hubana kipande cha taka chenye unene uleule kila upande, ili mkono uanzie na kuishia nje ya kazi.

Aluminiamu ni laini, huziba msasa upesi. Jioni moja niliharibu bamba la mlango kwa kuubania msasa uliokwisha: donge dogo lililoganda juu yake lilichimba mstari mmoja mrefu, nikarudi namba 120. Matone machache ya mafuta ya taa hupunguza kuziba, lakini msasa uliochoka utupe.

Karakana zetu nyingi hutengeneza geti la chuma na dirisha la aluminiamu kwenye meza moja. Brashi ya waya iliyosugua geti isiguse aluminiamu kabisa. Chembe za chuma hujikita humo, na mvua za Novemba zikianza, madoa ya kutu hujitokeza kwenye kazi uliyoisifu. Vumbi la aluminiamu nalo linaweza kulipuka. Lifagie kabla hujawasha grenda ya chuma.

Si mistari yote ya metali hutokana na msasa. Kule Ndolezi, Kimondo cha Mbozi ni chuma na nikeli. Uso wa kimondo cha aina hiyo ukisawazishwa na kupakwa asidi, hutoa mistari iliyopishana, iliyojijenga ndani kilipokuwa kikipoa kwa mamilioni ya miaka. Mistari yetu iko juujuu tu, ufunguo mmoja unaiharibu, ila kwa sababu hiyohiyo inarekebishika: sugua tena kufuata mshale.

Ukimaliza, osha kwa sabuni, futa kwa kitambaa cheupe kufuata mistari, kisha inama utazame bamba kwa ubavu, mwanga ukitokea pembeni. Ukiona mkwaruzo uliokatiza, uondoe sasa, kabla ya kupaka vanishi.