Je, Wajua? Kopo la maua na maji ya kisima

Je, wajua kwamba udongo wa kopo haubaki ulivyoununua? Ulete mzuri, wenye pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi) ya 6 hivi, na mwaka haujaisha unaweza kuukuta umepita 7, ilhali hukutia kitu ila maji. Basi hayo maji ndiyo yenyewe. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Kila ukimwagilia, unatia chokaa kidogo iliyoyeyuka. Shamba lina kina na masika ya kuisafisha. Kopo la barazani lina lita 10 na paa juu yake.

Je, wajua birika lako linakupimia maji bure? Ule ukoko mweupe wa ndani ni chokaa hiyohiyo. Maji yakichemka, sehemu yake huganda chini, na yakipoa ukayamimina taratibu yanafaa zaidi kwa maua. Munyu hautoki kwa kuchemsha, kwa hiyo kisima cha maji ya chumvi usikiharibie mkaa. Kinga maji ya mvua: yana tindikali kidogo, pH karibu 5.6, na hayana chokaa. Ndoo mbili chini ya mchirizi wa bati zinatosha makopo machache kwa siku kadhaa.

Je, wajua namba za pH haziendi moja moja? Kipimo hiki alikibuni mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909, akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen. Naam, Carlsberg ya bia. Kila namba ni mara 10: udongo wa 5 una tindikali mara 10 kuliko wa 6, na mara 100 kuliko wa 7. Anayekwambia udongo wake "umepanda kidogo tu," kutoka 6 hadi 8, muulize tena.

Je, wajua mmea unaweza kushinda na njaa sinia likiwa limejaa? Nina mdimu kwenye ndoo ya rangi, nyuma ya jiko. Mwaka jana majani yake machanga yalitoka njano, mishipa tu ndiyo kijani, kila jani kama ramani ya mito. Nikatia samadi. Hata. Chuma kilikuwamo udongoni, lakini pH ikipita 7 hushikamana katika hali ambayo mizizi haiwezi kukinyonya. Dalili huanzia majani ya juu. Yakianza kugeuka ya chini, yale makuukuu, shuku upungufu wa nitrojeni au mkono mzito wa kumwagilia. Iksora na gadenia hulalamika mapema kama mdimu.

Nilipoumwaga ule udongo nikaona kokoto nyeupe. Nikakamulia ndimu moja: povu, tena la kusikika. Kumbe mchanga niliochanganya ulikuwa na vipande vya matumbawe. Udongo wa namna hiyo haufai kutibiwa, maana tindikali yoyote utakayotia itaishia kwenye kokoto. Nikautupa wote.

Je, wajua siki haiponyi udongo? Ukiimimina kwenye kopo, pH hushuka kweli, ila vijidudu vya udongoni huila hiyo siki, nayo chokaa ya maji hurudi. Wenye mashamba makubwa ya maua hutia tindikali kwenye maji ya kumwagilia, kwa kipimo, kabla hayajagusa udongo.

Je, wajua salfa nayo haifanyi kazi peke yake? Bakteria ndio huigeuza kuwa tindikali, na huhitaji joto, unyevu na wiki kadhaa. Wakulima wa korosho wa Mtwara huipuliza dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na udongo chini ya mikorosho umeonekana kuzidi tindikali kwa sababu yake. Kwa lita 10 za udongo usio na kokoto za chokaa, kijiko cha chai kisichojaa kinatosha. Changanya, mwagilia, kisha subiri miezi miwili. Wengi huharibu hapa: wiki ya pili hawajaona kitu, wanaongeza.

Je, wajua majivu ya jikoni ni dawa Lushoto na balaa Makunduchi? Majivu hupandisha pH haraka. Udongo wa milimani wenye tindikali huyafurahia. Udongo wa maweni umeshiba tayari.

Machicha ya kahawa? Yakishapikwa, tindikali nyingi imekwenda kikombeni. Yatie kwenye mboji tu.

Je, wajua chungu kipya cha saruji hutoa chokaa? Kijaze maji siku kadhaa, ukiyabadilisha kila siku, kabla ya kupanda.

Je, wajua rosela ni kipimo? Chemsha maua makavu kidogo upate maji mekundu. Koroga udongo katika maji ya mvua, uache utulie, chuja, kisha dondoshea rosela. Ikibaki nyekundu, kuna tindikali. Ikielekea zambarau iliyofifia au kijani, umevuka upande wa pili. Haikupi namba, lakini inakwambia uelekee wapi.

Je, wajua kinachotuliza pH ni mboji? Hupokea tindikali na chokaa pole pole bila kuyumba, ndiyo maana kopo la mchanga mtupu hubadilika upesi. Theluthi ya mboji iliyoiva, na makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi, hunitosha.

Na ukisharekebisha, usiyakodolee macho majani ya zamani. Mdimu wangu umekaa wiki sita na majani yake ya njano vilevile. Chipukizi jipya la nchani ndilo limetoka kijani.