Ndama wa Ndovu Akitumbukia Kisimani

Wakati wa kiangazi, wakazi wa Samburu huchimba visima kwenye mchanga wa laga ili kupata maji yao na ya mifugo. Usiku ndovu nao huja kunywa, na wakati mwingine ndama huteleza akatumbukia. Asubuhi wachungaji humkuta peke yake, kundi limeshaondoka.

Wakazi wanashauriwa kuwaarifu mara moja askari wa hifadhi ya jamii au maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na kukaa mbali. Huenda mama yake bado yuko karibu, na ndovu anayetafuta mtoto ni hatari.

Ndama akishatolewa, maafisa hujaribu kwanza kumrudisha kwa kundi lake. Ikishindikana, hupelekwa Reteti, kituo cha ndovu mayatima kinachomilikiwa na jamii katika hifadhi ya Namunyak, kilichofunguliwa mwaka 2016.

Asinyweshwe maziwa ya ng'ombe. Mafuta yake humharisha, na ndama mchanga anaweza kufa. Reteti humpa maziwa ya mbuzi yaliyoongezwa virutubishi, yanayonunuliwa kutoka kwa akina mama wa eneo hilo. Walezi humlisha usiku na mchana, na kumtembeza msituni ajifunze kujitafutia chakula.

Miaka kadhaa baadaye hurejeshwa porini. Mwaka 2019, ndovu watatu wa kwanza waliachiliwa katika hifadhi ya Sera.

Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.