Bastola Nyumbani: Maneno Ambayo Mwenyewe Apaswa Kuyajua

Ndugu msomaji, usiku mmoja tuliletewa hospitalini mwanamume aliyepigwa risasi pajani. Ni nani aliyempiga? Ni yeye mwenyewe. Alikuwa akisafisha bastola yake mpya. Alikwisha kutoa kikasha cha risasi, akasema moyoni kwamba haina kitu. Kumbe risasi moja ilibaki katika chemba, nyuma ya mtutu. Alipona, lakini anachechemea hata leo.

Basi, wewe uliyepewa ruhusa ya serikali kuwa na bastola, soma maneno haya polepole, ukamsomee na mke wako.

Kwanza, shika kanuni nne. Aliyezieneza ni Jeff Cooper, askari wa zamani wa Marekani, aliyeanzisha shule ya bastola huko Arizona mwaka 1976.

1. Kila bunduki ina risasi. Uitendee hivyo siku zote.
2. Usielekeze mdomo wake kwa kitu usichotaka kukiharibu, wala kwa mguu wako.
3. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kulenga shabaha na kukata shauri la kupiga.
4. Ijue shabaha yako, na yaliyo nyuma yake. Risasi hupenya ukuta wa mbao, na hata iliyo ndogo yaweza kwenda zaidi ya kilometa 1.

Pili, jifunze kutoa risasi. Elekeza mdomo mahali pa salama. Toa kikasha kwanza. Kisha vuta nyuma chuma cha juu, ili risasi iliyo katika chemba iruke nje. Tazama chemba kwa macho, uiguse na kwa kidole. Angalia sana: ukivuta chuma kabla ya kutoa kikasha, risasi moja itatoka na nyingine itaingia. Hapo wengi hudanganyika.

Tatu, jifunze kupiga uwanjani pamoja na mwalimu. Ziba masikio, vaa miwani. Sikio lililoharibiwa na kishindo halina dawa. Achanisha miguu kadiri ya mabega, shika kwa mikono miwili, wala kidole gumba kisikae nyuma ya chuma kinachorudi. Alama ya mbele isimame katikati ya pengo la alama ya nyuma, vichwa sawasawa. Vuta kifyatulio polepole, bila kushtua mkono. Risasi isipolia, usigeuze bastola kuitazama. Iache ikielekea shabaha sekunde 30, ndipo uitoe. Ukimaliza, nawa mikono kabla ya kula, maana vumbi la risasi lina sumu, nayo hudhuru watoto hasa.

Nne, nyumbani ifungie kwa ufunguo, na risasi zake uziweke mahali pengine penye kufungwa. Usiiweke chini ya mto. Mtoto anajua maficho yote ya nyumba.

Mtu akipigwa risasi, kandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachilie, umlete hospitali upesi. Usichokoe jeraha kutafuta risasi.

Yule mgonjwa wetu, siku ya kurudi kwake, alituambia kwamba alitazama kikasha tu, hakutazama chemba. Kutazama kungalichukua muda mfupi sana. Yeye alilala kitandani majuma mengi. Ndugu, wewe utazame.