Simu ya Ng'ambo Ikikataa Laini Yako

Je, umewahi kuletewa simu nzuri kutoka ng'ambo, ukaiwekea laini yako ya Safaricom au Airtel, nayo ikakataa katakata? Hapa Eldoret jambo hili ni la kawaida, kwa kuwa familia nyingi zina watoto walioko nje kwa masomo, kazi ama mbio. Wengi hukimbilia kwa fundi na kutoa pesa. Tunawasihi mwulize kwanza: simu hii imefungwa na nani? Ziko aina tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kufuli la mtandao. Huko Marekani kampuni za simu huuza simu kwa malipo ya kila mwezi, na huifunga isikubali laini nyingine mpaka deni liishe. Sheria ya huko ya mwaka 2014 inamruhusu mwenye simu kuifungua. Uingereza nayo ilikataza kampuni hizo kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021.

Ya pili ni kufuli la deni. Simu za mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanzishwa na Safaricom mwaka 2020, hujifunga usipolipa. Dawa yake ni kulipa tu.

Ya tatu ni simu iliyoripotiwa kuibwa. Hiyo usiiguse. Kila simu ina namba yake ya IMEI, na kuibadilisha namba hiyo ni kosa kwa sheria za Kenya.

Ikiwa ni kufuli la mtandao, fanya hivi:

1. Bonyeza *#06#. Utaona namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Iandike.

2. Mtumie ndugu aliyeinunua. Kampuni inamjua yeye, haikujui wewe. Amalize deni, kisha aombe ifunguliwe. Kwa kawaida kampuni haitozi pesa kwa kazi hiyo.

3. Simu nyingine utapewa namba ya siri uiandike baada ya kuweka laini ya hapa. iPhone haina namba ya siri: kampuni ikishakubali, weka laini yako na uiunganishe na intaneti.

4. Usikisie namba ya siri. Ukikosea mara kadhaa, simu inaweza kujifunga kabisa.

Na fundi je? Mafundi wetu wa mjini wana ujuzi, na kuna simu ambazo huzifungua vizuri. Lakini kuflash ni kuweka programu upya: picha na namba zako zinaweza kupotea, na kwa iPhone hakuondoi kufuli la mtandao. Mwulize atatumia njia gani. Usimlipe mpaka laini yako ishike, upige na usikike.

Rahisi kuliko yote ni kumaliza jambo hili huko huko simu iliponunuliwa. Kama una mtoto au ndugu anayejiandaa kuja nyumbani likizo, mpigie sasa. Mwambie aifungue simu kabla hajapanda ndege, ili mama asije akaiweka kabatini kama pambo.