Kipima ubora wa hewa

Kipima ubora wa hewa ni kifaa kinachopima kiasi cha vumbi, moshi na gesi zenye madhara katika hewa wanayovuta watu. Macho peke yake hayatoshi kwa kazi hiyo: chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu huwa na kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu (PM2.5), ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi.

Aina

- Kipimo cha uzito: pampu huvuta hewa kupitia kichujio ambacho uzito wake unajulikana. Kichujio kikipimwa tena, uzito ulioongezeka ni wa vumbi. Majibu huaminika, lakini huchelewa.
- Kihisi cha mwanga: feni ndogo huingiza hewa, chembe hutawanya mwanga wa leza, na kifaa hukadiria wingi wake papo hapo. Ni cha bei nafuu, ila unyevu ukizidi chembe huvimba na namba hupanda kuliko hali halisi.
- Kihisi cha gesi: gesi kama monoksidi ya kaboni husababisha mmenyuko wa kikemia unaotoa mkondo mdogo wa umeme.

Afrika Mashariki

Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ulianza mwaka 2015. Hutengeneza vihisi vya mwanga vinavyostahimili vumbi na joto. Baadhi vimefungwa kwenye bodaboda. Vipimo vyake husahihishwa kwa kulinganishwa na vya mashine sanifu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa PM2.5 kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo.

Vumbi la pamba

Katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, pamba ni zao kuu la biashara. Kuchambua pamba kiwandani hutoa vumbi lenye vipande vya nyuzi na majani makavu. Sehemu kubwa ya vumbi hilo ina chembe zinazozidi mikromita 2.5, hivyo kihisi cha mwanga huweza kuonyesha namba ndogo huku wafanyakazi wakikohoa.

Kanuni za Marekani za mwaka 1978 zilitaka vumbi la pamba lipimwe kwa kifaa cha wima kinachokusanya chembe ndogo kuliko mikromita 15, kisha kichujio kipimwe uzito. Kikomo katika utengenezaji wa nyuzi kilikuwa mikrogramu 200 kwa mita ya ujazo. Anayevuta vumbi hilo kwa miaka mingi huweza kupata bisinosisi, ambayo huanza kwa kubanwa kifua siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko.

Kwa hiyo, kabla ya kuiamini namba ya kipima hewa, ni lazima kujua kinapima chembe za ukubwa gani.